Paka wa Pili ni wa Nani?

Bengamisa iko kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara ya kwenda Banalia na Buta, na kwa watu wengi wa mjini jina hilo ni jina la chakula: mpunga, mihogo, ndizi. Penye mpunga hapakosi panya, na penye panya hapakosi paka. Paka wa huko hana cheti. Hupatikana kwa jirani ambaye paka wake amezaa, huletwa nyumbani akiwa bado mdogo ili azoee, na kazi yake haihitaji mwalimu. Akifa, anatafutwa mwingine. Hakuna anayeuliza babu yake alikuwa nani.

Simu ndiyo iliyoleta swali hilo la babu. Kwenye kioo kidogo sasa anaonekana paka wa Kiajemi mwenye manyoya yanayofagia sakafu, paka wa Siam mwenye macho ya buluu, Maine Coon aliyemzidi mbwa mdogo kwa ukubwa, na yule wa Scotland ambaye masikio yake yamejikunja mbele. Mwenye ndugu Kampala, Nairobi au Dubai anaweza hata kuagiza. Waliofanya hivyo huku kwetu bado ni wachache, lakini katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki na ya Ghuba biashara hii si ngeni, na ina tabia moja inayofaa kuchunguzwa kabla haijatufikia kwa wingi: aliyepata paka mmoja wa mbegu hachelewi kuanza kumtazama wa pili. Hoja yangu ni kwamba huyo wa pili, mara nyingi, haji kwa faida ya yule wa kwanza. Anakuja kwa ajili ya jicho la mwenye nyumba. Na hiyo mbegu inayomfanya atamanike ndiyo hiyo hiyo inayomfanya awe mzigo kuliko paka wa kawaida.

Tuanze na tamaa yenyewe, maana haikuzuka tu. Mbwa waligawanywa katika mbegu kwa sababu ya kazi: huyu wa kuchunga, yule wa kuwinda, mwingine wa kulinda. Paka hakugawanywa hivyo. Kwa maelfu ya miaka kazi yake ilikuwa moja, na paka yeyote mwenye makucha aliifaa. Mbegu za paka, kwa sehemu kubwa, ni zao la maonyesho. Tarehe 13 Julai 1871 Mwingereza Harrison Weir, mchoraji wa wanyama, aliandaa onyesho la paka katika jumba la Crystal Palace mjini London, akaweka na vigezo vya kuwaongoza waamuzi katika kupima rangi, manyoya na umbo. Tangu hapo vyama vya wafugaji vimeendelea kuongeza mbegu. Chama cha TICA, chenye makao Marekani, peke yake kinatambua zaidi ya 70. Tofauti kubwa za mbegu hizo ni za sura. Sasa, mtu aliyenunua sura hashibi kwa moja, kwa sababu sura moja haiondoi hamu ya nyingine. Aliye na paka mweupe anamtamani wa kijivu. Aliye na mwenye manyoya marefu anamwonea kiu yule asiye na manyoya kabisa. Mkulima mwenye jembe zuri hatafuti la pili kwa ajili ya rangi ya mpini.

Muuzaji analijua hilo vizuri. Paka huzaa watatu, wanne, hata watano kwa mara moja, na kila wiki wanayokaa kwake wanakula fedha yake. Mteja akija kumchukua mmoja, huonyeshwa ndugu aliyebaki, hupunguziwa bei, kisha huambiwa mambo mawili: kwamba mmoja peke yake atakuwa mpweke, na kwamba dume na jike watamrudishia gharama zote. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanauza. Nitayarudia.

Kisa kinachowahusu wasemaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi hakikutokea London. Kilitokea Watamu, jirani na Malindi, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa huko, alikuta watoto wa paka katika shamba lake la minazi. Walikuwa na mabaka ya kahawia na meusi yanayomficha paka kabisa akiwa juu ya gome la mti, mwili mwembamba na miguu mirefu. Wagiriama walikuwa wakiwajua paka hao tangu zamani na wakiwaita kadzonzo. Slater hakuchukua mmoja. Alichukua dume na jike, akawalea, na baadaye wakazaana. Katika miaka ya 1980 rafiki yake Gloria Moeldrup alipeleka baadhi ya paka hao Denmark, wakapandishwa jukwaani, na mwaka 1993 shirikisho la Ulaya, FIFe, likawatambua kuwa mbegu rasmi kwa jina la Sokoke. Paka aliyekuwa akijitafutia riziki kati ya minazi na vichaka vya pwani akawa na kitabu cha ukoo.

Kitabu hicho ndicho kilicholeta shida. Mbegu ikishafungwa, mnyama wa nje haruhusiwi kuingia ila kwa kibali, na Sokoke walifungwa wakiwa wachache mno, chimbuko lao likiwa sehemu moja. Katika hali hiyo ndugu huzaa na ndugu, na kila kizazi hurithi udhaifu uleule kutoka pande mbili. Ilibidi katika miaka ya 2000 paka wengine watafutwe kutoka eneo lile lile la Watamu, safari hii kwa juhudi za mkazi mwingine, Jeannie Knocker, ili damu mpya iingie. Kwa maneno mengine, mbegu hii ilirudi kuomba msaada kwa paka wasio na vyeti. Watafiti wa vinasaba waliofanya kazi na Leslie Lyons katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nao walionyesha kwamba Sokoke ni wa kundi moja na paka wa kawaida wa Lamu na Pate, na kwamba kundi hilo lina udugu zaidi na paka wa Asia, ng'ambo ya bahari, kuliko wale wa Ulaya. Jahazi na pepo za kaskazi zinaeleza mengi hapo. Anayetaka kumwona ndugu wa Sokoke hana haja ya kupanda ndege hadi Copenhagen. Aende Lamu asubuhi wavuvi wanapoteremsha samaki.

Kuna atakayepinga hapa, na pingamizi lake ni zito: kama Slater angeridhika na paka mmoja, Sokoke wasingejulikana duniani. Ni kweli. Kuendeleza mbegu kunahitaji paka wengi kuliko mmoja, tena wengi kuliko wawili. Kunahitaji nyumba nyingi, kumbukumbu za kila uzao, vipimo vya magonjwa ya kurithi, na moyo wa kumzuia asizae paka mzuri wa sura mwenye kasoro ya moyo au figo. Hiyo ni kazi, na wanaoifanya kwa uaminifu wanastahili heshima. Lakini anayenunua paka wa pili kwa sababu amependeza kwenye picha hafanyi kazi hiyo. Hana kumbukumbu, hana vipimo, na mara nyingi paka wake wawili wametoka kwa mfugaji mmoja. Kujificha nyuma ya uhifadhi ni kujivika joho la mwingine.

Tuje kwa paka mwenyewe, ambaye katika mazungumzo haya huwa haulizwi. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kuchunguza vinasaba vya paka karibu 1,000, wa nyumbani na wa mwituni, wakagundua kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na pakamwitu wa Mashariki ya Kati. Kule Kupro limefukuliwa kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Kwa hiyo ujirani wetu ni wa zamani sana, lakini huyo pakamwitu aliyeuanzisha alikuwa, na bado ni, mwindaji wa peke yake. Panya mmoja hatoshi kugawanwa na wawili. Pakamwitu huyo huishi savana na sehemu kame. Msitu mzito wa mvua kama wa huku kwetu Tshopo haumfai, na ndiyo maana paka wa Bengamisa hakutoka msituni. Alifuata njia za watu na ghala zao. Tabia ya kuwinda peke yake alikuja nayo.

Hii haina maana kwamba paka hawezi kabisa kuishi na mwenzake. Penye chakula kingi, sokoni au ufukweni, paka hukusanyika, na majike wa ukoo mmoja husaidiana hata kunyonyesha. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba msingi wa makundi hayo ni undugu na kukua pamoja. Mtoto wa paka huzoea wenzake katika wiki za mwanzo za maisha yake, hasa kati ya wiki ya pili na ya saba. Paka wawili wa uzao mmoja wakiletwa nyumbani siku moja, kwa kawaida wanaishi kwa amani. Paka mzima aliyekaa mwaka mzima akiimiliki nyumba, kisha siku moja akaletewa mgeni wa Kiajemi ndani ya kikapu, hajaletewa rafiki. Amevamiwa.

Tatizo ni kwamba uvamizi huo hauna kelele, na mwenye nyumba hauoni. Paka wa kwanza analala mlangoni, ubavu ukigusa kizingiti, macho nusu yamefumba, na mtu anasema amepumzika. Wa pili anasimama hatua chache nyuma yake. Anaitazama sahani iliyo upande wa pili wa mlango, anaketi, anajilamba bega ambalo wala si chafu, kisha anageuka polepole na kurudi chini ya kitanda. Hakuna aliyekwaruzwa, hakuna aliyepiga kelele, na mmoja hajala. Hilo likirudiwa kwa wiki kadhaa, dalili zinatokea kwingine: mkojo kwenye godoro, manyoya yanayolambwa mpaka ngozi ionekane, na kibofu kinachovimba bila kijidudu chochote. Madaktari wa wanyama wameona kwamba uvimbe huo wa kibofu unahusiana sana na msongo wa mawazo, na kuishi na paka wasioelewana ni mojawapo ya vichocheo. Kwa dume ni hatari zaidi, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni nyembamba. Ikiziba kabisa na asipate matibabu, anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye nyumba atasema amelogwa, au amekula sumu ya panya.

Ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kwamba nyumba iwe na masanduku ya mchanga ya choo kulingana na idadi ya paka, na moja la ziada, tena yasiwekwe pamoja. Paka wawili, masanduku matatu. Sahani mbali mbali, maji mbali mbali, mahali pa juu pa kupanda pa kila mmoja. Katika jumba la Muscat lenye vyumba sita hilo si jambo. Katika nyumba ya vyumba viwili Bengamisa, yenye watoto, magunia na wageni, masanduku hayo matatu yatakaa wapi? Jibu la kweli ni kwamba paka watatoka nje, jambo ambalo kwa paka wa kienyeji halina shida. Kwa paka wa mbegu asiyehasiwa, mwisho wa kitabu cha ukoo ni usiku wa kwanza atakapokutana na paka shume nyuma ya jiko.

Halafu kuna mwili wenyewe. Sura tunayoitamani mara nyingi ni kasoro iliyochaguliwa. Paka wa Kiajemi wa maonyesho ana uso uliobanwa mpaka pua imepanda kati ya macho; njia ya hewa imefupishwa, machozi hayapiti mahali pake na hutiririka usoni. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, joto na unyevu ni wa mwaka mzima, na paka hana uwezo mkubwa wa kutoa jasho isipokuwa kwenye nyayo. Mpe manyoya marefu na pua isiyopitisha hewa vizuri, kisha umfungie chini ya bati saa nane mchana. Mbegu hiyo pia imebeba ugonjwa wa kurithi wa vifuko vya maji kwenye figo. Badiliko la kinasaba linaloleta ugonjwa huo lilitambuliwa mwaka 2004, na kabla ya vipimo kuenea, tafiti za nchi mbalimbali zilikuwa zikikuta zaidi ya thuluthi moja ya paka wa Kiajemi wakiwa nao. Maine Coon wana ugonjwa wa kunenepa kwa msuli wa moyo. Na yule wa masikio yaliyokunjwa, aliyeanzia kwa paka mmoja aliyeonekana Scotland mwaka 1961, hukunja masikio kwa sababu gegedu zake zina kasoro mwili mzima. Wengi wao hupata maumivu ya viungo, na chama kikuu cha paka cha Uingereza, GCCF, hakiwaandikishi.

Jambo hili linamgusa hasa anayetaka wawili. Watu hudhani kwamba kununua wawili ni kugawanya hatari: huyu akiugua, yule atabaki. Kwa paka wa kienyeji waliotoka nyumba tofauti hesabu hiyo inaweza kuwa sahihi. Kwa paka wawili wa mbegu moja kutoka kwa mfugaji mmoja ni kinyume chake. Wamerithi kutoka chungu kimoja, na figo zikimwangusha mmoja akiwa na miaka saba, mwenzake huenda yuko njiani. Hatari haijagawanywa, imerudufiwa.

Chakula nacho. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki, na tangu miaka ya 1970 inajulikana kwamba akikikosa macho yake huharibika. Mwaka 1987 ikathibitika kwamba hata moyo hutanuka na kushindwa kazi. Paka wa ghala hana shida hiyo kwa sababu anakula panya, na panya ni mlo uliokamilika. Lakini paka wa kupambwa ndani ya nyumba hula anachopewa, na anachopewa mara nyingi ni kile kilichobaki sahani­ni: fufu, wali, pondu. Samaki wa makayabu ana chumvi kupita kiasi. Dagaa wa ndakala ni afadhali. Paka wa kilo nne anahitaji kalori 200 na zaidi kidogo kwa siku, sehemu kubwa iwe ya nyama au samaki, na wawili ni mara mbili ya hizo kila siku ya Mungu kwa miaka 12 au 15. Nyumba inayopima samaki kwa idadi ya watoto ijiulize mapema ni nani atakayepunguziwa.

Matibabu sina haja ya kuyarefusha. Chanjo za paka hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi mpaka zidungwe, na kuzifikisha hivyo hadi kijijini si mchezo. Kongo inasomesha madaktari wa mifugo, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, lakini kutoka Lubumbashi hadi barabara ya Buta ni nchi nzima. Jambo moja tu lisisahaulike: virusi vya ugonjwa wa kuhara na kuishiwa chembe nyeupe za damu, vinavyoua watoto wengi wa paka, vinaweza kudumu ndani ya nyumba hata mwaka mmoja. Anayeomboleza paka wake leo na kuleta mwingine asiyechanjwa kesho anamleta kwenye kitanda cha marehemu.

Sasa nirudi kwenye yale mambo mawili ya muuzaji. La upweke kwanza. Paka anayeshinda peke yake ndani, hana dirisha wala cha kuchezea, anaweza kweli kudhoofika kwa uchovu wa moyo. Lakini huo ni ugonjwa wa paka waliofungiwa ghorofani. Paka wa Bengamisa ana ua, ana kuku wa kutazama, ana watoto wanaomsumbua, ana mijusi ukutani. Anachokosa si paka mwingine. Na hata kwa yule wa ghorofani, dawa ya kwanza ni mtu kucheza naye kila siku, jambo ambalo mwenye nyumba hukwepa kwa kununua paka wa pili, kama vile upendo unaweza kupewa mkandarasi.

La biashara ni hatari zaidi kwa sababu linaonekana kama akili. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi sita au hata kabla, hubeba siku 65 hivi, na huweza kubeba tena huku angali ananyonyesha. Kwa mwaka anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Ukizidisha, fedha inaonekana. Lakini kinacholipiwa kwa bei ya mbegu ni cheti, na cheti hutolewa na chama kwa watoto ambao wazazi wao wote wawili wameandikishwa kwa ajili ya kuzalishwa. Wafugaji wengi makini huuza paka kwa sharti la kutozalishwa, au tayari wamehasiwa. Asiyepitia njia hiyo ana paka wenye manyoya marefu tu, na wa uzao wa tatu atawagawa bure, kama wanavyogawa majirani zake.

Kuna pingamizi jingine, na hili ni la mkulima, kwa hiyo nalipa uzito kuliko yote: paka wawili hukamata panya wengi kuliko mmoja. Linasikika kama jambo lisilohitaji ushahidi, lakini ushahidi upo, na unashangaza. Mjini New York watafiti waliofuatilia panya wakubwa katika kiwanda cha kuchakata taka kwa siku 79, kwa kamera, na matokeo yakachapishwa 2018, waliona paka wakiua wawili tu, ingawa panya walijificha zaidi paka walipokuwapo. Huo ni mji wa mbali, na panya wa huko ni mkubwa kuliko wa ghala zetu. Karibu zaidi na maisha yetu ni utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Eswatini, katika boma za wakulima wanaohifadhi mahindi. Watafiti walipima ni kiasi gani panya walithubutu kutoka kula karibu na nyumba. Boma lenye paka peke yake halikutofautiana sana na lisilo na mnyama. Boma lenye mbwa peke yake, vilevile. Lenye paka na mbwa pamoja ndilo lililowatia panya hofu wakapunguza kutoka. Maelezo yenye mantiki ni kwamba panya aliyezoea kumkwepa mnyama mmoja anashindwa kuwakwepa wawili wanaowinda kwa namna tofauti.

Hilo linageuza swali zima. Mwenye paka anayetafuta mwenzake wa kazi hatafuti paka mwingine, sembuse wa Kiajemi asiyeweza kupumua akikimbia.

Limebaki la mapenzi, maana wapo watakaosema: mimi sihesabu faida, nawapenda tu. Siwezi kubishana na mapenzi, wala sitaki. Kisangani ina jamii ya Waislamu tangu zama za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani hii hii, mwaka 1887, na kwa Waislamu hakuna haja ya kufundishwa kwamba paka si najisi na kwamba kumtunza ni wema. Lakini hadithi inayojulikana zaidi kuhusu paka, ile ya mwanamke aliyeadhibiwa, haimhusu mtu aliyekosa kupenda. Inamhusu aliyemfungia paka, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Kipimo kilichowekwa pale ni uwezo wa kulisha na uhuru wa kutoka, na paka wa mbegu, anayefungiwa ili asipotee wala asipandwe na shume, ndiye anayegusa masharti yote mawili. Anayeweza kuyatimiza kwa wawili, sina neno naye. Namwomba tu achukue ndugu wa uzao mmoja, siku moja, aone wazazi wao na vipimo vyao, na awahasi wote kabla ya miezi sita.

Wengine, yaani sisi wengi, tumwache paka wa mbegu kwenye simu, alipo mzuri na hali. Na kama ua una nafasi ya mnyama wa pili, nafasi hiyo ni ya mbwa. Achanjwe kichaa cha mbwa yeye na paka wako kabla hajaingia.